Pumzi za Bibi wa Ghorofa ya Tatu

9 Novemba

Mjomba,

Ukishaisoma barua hii tafadhali ichane. Najua utacheka, utasema Bi Wasiwasi ameanza, lakini ichane kwanza, kisha ucheke.

Nimekupigia simu wiki nzima na hupokei. Jana alipokea mkeo, akasema umelala. Mchana kweupe, wewe ambaye hata ukiwa na homa hulali mchana. Sikumhoji, kwa sababu nilikuwa napiga kutoka ofisini, na simu ya ofisini iko kwenye meza ya mwenzangu mwenye masikio ya paka. Ndiyo maana naandika.

Jambo lenyewe ni hili: wamenipa kipindi cha sikukuu.

Nikueleze kazi yetu ilivyo, maana miaka yote uliyokuja studio kurekodi hukuwahi kupita chumba cha uhakiki. Kila kipindi cha katuni yenu ya "Ghorofa ya Tatu", kabla hakijarushwa, hutazamwa na makarani watatu, kila mmoja peke yake. Kila mmoja huandika ukurasa wake: kipi kimechekesha, kipi kimelala, kipi watazamaji watalalamikia. Kurasa hizo humwendea Mkuu wa Vipindi. Sisi tunamwita Mizani, kwa sababu husoma akiwa ameshika karatasi mkono mmoja na miwani mkono wa pili, kama anayepima kipi kizito. Mizani akiona kasoro kubwa, kipindi hufungiwa na hurushwa cha zamani badala yake. Ameshaniambia kwamba mkataba wangu, unaoisha mwisho wa mwaka, atauamua akisoma nitakavyohakiki hiki.

Kwa hiyo mimi, ninayetetemeka hata nikiulizwa saa, ndiye nitakayemhakiki Bibi. Bibi wako wa katuni, ambaye sauti yake ilinilaza utotoni. Hapa hakuna anayejua kwamba anayemwigiza Bibi ni mjomba wangu. Siku ya usaili niliulizwa kama nina ndugu yeyote anayefanya kazi na kituo, nikasema sina, kama ulivyonielekeza, ili nisimame kwa miguu yangu. Nimesimama, Mjomba, lakini nimeshika ukuta.

Nimekitazama mara moja. Kuna kitu kimenikaa vibaya na sijui nikiiteje.

Kweli ulikuwa umelala?

Mpwa wako


14 Novemba

Bi Wasiwasi,

Barua yako sijaichana. Nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa ile meza inayoyumba, na sasa meza imetulia. Laiti aliyeiandika angetulia hivyo.

Simu usipige tena. Umesema kweli, simu za ofisini zina masikio, na hii yangu nayo siku hizi inakwaruza hata mtu hujui kama anakusalimia au anakutukana. Tuandikiane. Mwandiko wako mzuri, usiuache uote kutu.

Ndiyo, nilikuwa nimelala. Mtu mzima haruhusiwi kulala?

Sasa nisikilize. Kabla hujamhakikia Mizani, nihakikie mimi. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Niambie Bibi amekuwaje mwaka huu. Ni yuleyule? Kuna mahali amepwaya? Wewe umelelewa na sauti ile, hakuna sikio ninaloliamini kuliko lako.

Mama yako ameshatangaza kwamba atakuja kukitazama hapa kwangu na wenzake wote, kama kila mwaka. Atakaa kwenye kiti chake kilekile, aniangalie mimi badala ya televisheni. Unamjua dada yangu. Tangu tulipokuwa tukilala chumba kimoja, na mimi na kifua changu cha filimbi, alikuwa akijua kwa pumzi zangu tu kama nimelala au najifanya. Ndiyo maana nataka nijue mapema yatakayonikuta.

Mjomba wako

Bibi anauliza: umekula?


19 Novemba

Mjomba,

Umeomba uhakiki, huu hapa.

Hadithi ni nzuri. Watu wamekua na ile lifti mbovu, haijafanya kazi tangu kipindi cha kwanza, na kila nyumba ina utani wake kuihusu. Sasa siku ya sikukuu lifti imetengenezwa. Baba anavaa suti ili apande lifti. Watoto wanapanda na kushuka mpaka kichefuchefu. Bibi peke yake anakataa: "Kitu kilicholala miaka yote hiyo kikiamka ghafla, kiulize kwanza kimeota nini." Hapo nilicheka mpaka mwenzangu akagonga ukuta. Familia nzima inajipakia ndani ya lifti pamoja na vyakula vyote. Bibi anashika ngazi na sufuria yake moja. Lifti inakwama, Bibi anafika.

Mpaka hapo sina neno. Kasoro ya kwanza ni mwisho. Bibi anashuka tena, anakaa mbele ya mlango wa lifti, muziki laini unaingia, naye anawaambia kupitia upenyo, "Nawapenda nyote." Mjomba! Bibi hajawahi kusema hivyo. Bibi akimpenda mtu humuuliza kama amekula. Alimuuliza hata yule mwizi wa viatu. Aliyeandika mwisho huu ameona neno sikukuu akadhani ni lazima tulie. Sikukuu ya kweli watu hawaambiani kwamba wanapendana, wanagombania kiti cha karibu na dirisha. Hayo nitayaandika bila woga, au kwa woga mdogo tu.

Kasoro ya pili iko kwenye ngazi. Nimeiandika na kuifuta, nimeiandika na kuifuta. Labda ni macho yangu. Nitakitazama tena.

Bibi yuko vizuri. Nisalimie mkaza mjomba.

Mpwa wako


24 Novemba

Mpwa wangu,

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya lifti, na juu ya Bibi maneno matatu. "Bibi yuko vizuri." Hivyo ndivyo watu wanavyosema wakitoka kumwona mgonjwa.

Mimi ni mtu mzima, nimechekwa na kuzomewa, ngozi yangu ni ngumu. Kwenye ngazi kuna nini? Ni anavyosema, au ni wachoraji? Umekiona wewe peke yako, au na wenzako wawili wamekiona?

Na karatasi yako unaipeleka lini? Kabla hujaipeleka niandikie. Hata mstari mmoja. Leo sitanii.

Mjomba wako


29 Novemba

Mjomba,

Barua yako imenifikia leo. Uhakiki niliupeleka jana.

Nisamehe kwa "yuko vizuri". Nilikuwa nakuficha. Sasa nitasema, nawe kaa kwanza.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba katuni huanza na sauti. Nyinyi mnarekodi kwanza, kisha wachoraji wanasikiliza na kuchora mdomo uufuate usemi, na kifua kiifuate pumzi. Basi, Bibi akipanda zile ngazi, kila baada ya maneno machache mdomo wake unafunguka, mabega yanapanda, mkono unatafuta ukuta. Anahema. Aliyemchora alimsikia akihema. Lakini sauti haihemi. Sauti inapita moja kwa moja, kama ya mtu aliyekaa kitini. Nilikirudia kipande kile mpaka nikaogopa, kama ninayemtazama mtu akisemewa na mwingine.

Ndipo nikaelewa. Kulikuwa na sauti ya kwanza, na hiyo ndiyo iliyochorwa. Sauti yako. Kisha mtu akaiondoa na kuweka ya kwake.

Nilimfuata Fundi Sauti kwenye chumba chake cha mitambo, nikajifanya nimepita tu.

"Fundi, Bibi wa sikukuu alirekodiwa mara moja au mbili?"

Aliacha kuzungusha waya. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Dada, wewe hakiki hadithi. Sauti niachie mimi. Umenisikia? Hujaona kitu."

Akanifungulia mlango nitoke.

Mjomba, wamekutoa. Wamekutoa kimyakimya, nawe huko unapanga viti vya wageni. Miaka kumi na minane, halafu hata kukuita wakuambie hawakuweza. Nilirudi mezani nikaandika: "Sauti ya Bibi katika kipindi hiki si ya mwenyewe. Aliyewekwa ni mwizi wa sauti. Watazamaji watajua. Kisirushwe." Nikatia sahihi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, mkono wangu ulitulia.

Usikae kimya. Pigana nao. Mimi niko nyuma yako, hata kama ni kwa kutetemeka.

Mpwa wako


29 Novemba

Mpwa wangu,

Sijapata jibu lako na siwezi kuendelea kulisubiri.

Sikuwa nimelala. Ulipopiga simu nilikuwa nimekaa kando yake, namtazama mkaza mjomba wako akinisemea uongo. Daktari amenikataza kusema. Nina uvimbe kwenye koromeo. Katikati ya mwezi ujao wananipasua, na ameniambia bila kupindisha kwamba shingo nitabaki nayo, sauti nisiitegemee. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua. Lakini nilitaka sikukuu moja zaidi kabla watu hawajaanza kunizungumzia kwa sauti ya chini nikiwa nimekaa palepale.

Huyu Bibi wa sikukuu nilimrekodi mwanzoni mwa mwaka, koo tayari likikwaruza. Pale kwenye ngazi sikuigiza kuhema. Nilihema. Wachoraji walipomaliza kazi yao, Fundi Sauti aliisikiliza upya akaja mpaka hapa nyumbani, akakaa, akashindwa aanzie wapi. Mwisho akasema, "Mzee, ikirushwa hivi wataanza kuuliza." Mkaza mjomba wako alikuwa chumbani anakunja nguo. Akaitikia kutoka hukohuko, kwa sauti ya Bibi: "Wakianza kuuliza, waulize wamekula?"

Mimi na Fundi tukatazamana.

Unadhani Bibi nilimtoa wapi, mpwa wangu? Nimemwiga mke wangu miaka yote hii, nikalipwa na kupigiwa makofi. Maneno anayonigombeza nayo asubuhi, jioni anayasikia kwenye televisheni nikiwagombeza nayo majirani. Jumapili moja Fundi akatufungulia studio, naye akasema upya kila mstari. Hakuna anayejua, hata mama yako.

Nikajiambia: mtoto niliyemlaza kwa sauti ya Bibi asipotambua, hakuna atakayetambua, na mwakani nitamwambia Mizani peupe kwamba Bibi ana mwenyewe. Ndiyo maana nilikuuliza na kukuuliza. Sikutaka kukubebesha kujua.

Lakini umetambua. Ni zile ngazi, sivyo? Basi nakuomba: andika lifti, andika mwisho, ngazi usiziandike. Kipindi kikifungiwa, watatafuta mtu mwingine wa kumwigiza Bibi. Fundi atafukuzwa. Na mke wangu atabaki kuwa mtu aliyeingia studio kwa mlango wa nyuma. Mimi sauti inaondoka, sina la kufanya. Bibi nataka abaki humu ndani.

Mjomba wako


3 Desemba

Mjomba,

Barua zetu zimepishana njiani.

Nimeisoma yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaisoma chooni ambako hakuna wa kuniona. Koo lako. Na mimi nilikuwa nalalamika kwamba hupokei simu. Na nimemwita mkaza mjomba mwizi, kwa maandishi, na sahihi yangu chini.

Mizani amenirudishia karatasi. Juu ya sentensi ile ameandika kwa wino mwekundu: "Unajuaje?" Ameniita Ijumaa, mimi na Fundi Sauti pamoja. Makarani wenzangu hawakuandika lolote juu ya sauti.

Nimeamua kusema nilikosea. Nitaonekana mjinga, na mjinga haongezewi mkataba, lakini kipindi kitarushwa, Fundi atapona, na Bibi atabaki kwenu. Nimejizoeza mbele ya kioo. Tatizo ni kwamba uso wangu haujui kudanganya. Unaanza kuungama kabla sijafungua mdomo.

Hii naituma kwa basi, posta haitawahi. Niambie nisemeje.

Mpwa wako


5 Desemba

Mwanangu,

Mjomba wako ameandika majibu matatu akayachana yote, kwa hiyo leo naandika mimi. Naituma kwa dereva wa basi la asubuhi ikuwahi.

Umeniita mwizi wa sauti. Nilicheka. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Usiende kusema umekosea, hujakosea. Miaka kumi na minane nimekaa jikoni nikisikia maneno yangu yakitoka kwa mtu mwingine, na sikuona aibu hata siku moja, nilijua ni mapenzi. Aibu niliiona ile Jumapili, Fundi alipozima taa za ukumbini ili tusionekane tukiingia. Nikasema moyoni, mimi mtu mzima, na mume wangu mgonjwa, tunanyata kama panya. Sitaki kumwigiza Bibi kwa kunyata. Kama sauti yangu haifai, mwambie huyo mama Mizani haifai. Kama ni ngazi tu, mwambie ni ngazi tu. Ila lile neno la mwizi ukalifute.

Mjomba wako hakubaliani nami. Ameandika kwenye kibao chake HAPANA kwa herufi kubwa. Nimemwambia, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu mimi ndiye mwenye sauti.

Kabla hujaingia, ule kitu. Nakujua, ukiogopa huli.

Mkaza mjomba wako


8 Desemba

Mjomba, na wewe mkaza mjomba,

Nawaandikia nyote wawili, mmoja amsomee mwenzake.

Dereva wa basi aliniletea barua mpaka getini, na hii naituma kwake huyohuyo. Nilikula ndizi nusu. Nusu nyingine niliiacha mezani.

Mizani alikuwa amekiweka kipindi tayari kwenye skrini. Fundi Sauti amesimama kando ya ukuta, kofia mkononi. Hakuna aliyeambiwa akae.

"Makarani wawili hawakusikia kitu," Mizani akasema. "Mimi mwenyewe sikusikia kitu. Wewe unaniambia kuna mwizi. Unajuaje?"

"Neno mwizi nalifuta, mama. Hapo nilikosea."

"Kwa hiyo sauti ni yake?"

Mlango wa uongo ulikuwa wazi kabisa, Mjomba. Ilibaki niseme ndiyo, nitoke. Fundi alikuwa akinitazama kama mtu anayezama anavyolitazama gogo.

"Hapana," nikasema. "Si yake, ni ya mkewe. Na yeye ni mjomba wangu. Siku ya usaili nilisema sina ndugu hapa. Nilidanganya."

Fundi akafumba macho. Mizani akaweka miwani mezani, taratibu.

"Naona umekuja na jembe lako mwenyewe," akasema. "Endelea kuchimba."

Nikaendelea. Nilimweleza koo, nikamweleza Jumapili, nikamweleza kwamba Bibi ni mkaza mjomba tangu mwanzo. Kisha nikamwomba jambo ambalo hata sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwomba afumbe macho asikilize. Akafumba. Bibi akasema na Baba, akasema na watoto, akaisema lifti.

"Ni Bibi?" nikauliza.

"Ni Bibi."

"Sasa tuko kwenye ngazi. Fumbua."

Akafumbua. Akatazama. Akarudisha nyuma, akatazama tena.

"Mabega," akasema polepole. "Mwili unapanda, sauti imekaa." Kisha akazima. "Basi. Nikishaonyeshwa siwezi kujifanya sijaona. Kuchora upya hakuna muda. Kinafungiwa."

Mkaza mjomba, hapo nilidhani nimewaua nyote wawili. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua tangu nilipoisoma barua ya Mjomba, na kikatoka chenyewe. "Kuchora si lazima. Kinachokosekana ni pumzi tu." Nikamgeukia Fundi. "Ile rekodi ya mwanzo uliifuta?"

Fundi aliikunja kofia, akaikunjua. "Mzee aliniambia niifute."

"Sikuuliza uliambiwa nini."

"Mkono ulikataa," akasema.

Aliileta. Tukakusikia, Mjomba. Maneno yalikuwa yamekwaruzika, nusu hayasikiki, na Mizani akageukia dirishani. Lakini pumzi zilikuwa wazi, moja moja, mahali palepale ambapo mabega yanapanda. Fundi alizitoa akaziweka katikati ya maneno ya mkaza mjomba. Alifanya kazi muda mrefu na hakuna aliyetoka. Alipomaliza akatuchezea kipande kile. Bibi alishika sufuria yake akapanda, na safari hii nilisahau kutazama mdomo.

Mizani ametoa hukumu yake. Kipindi kitarushwa. Fundi amepewa onyo. Mkaza mjomba, Jumatatu uje studio, uingie mlango wa mbele, ujitambulishe kwa jina lako. Kuna mstari mmoja wa kurekodi upya: "Nawapenda nyote" imeondolewa. Bibi atauliza, "Mmekula nyote?" Fundi amejaribu, mdomo unakubali.

Kisha akaniambia, "Ukurasa wako ni bora kuliko wote niliosoma mwaka huu. Mkataba sitauongeza. Aliyenidanganya siku ya kwanza, kila atakachoandika nitakisoma mara mbili, na muda huo sina. Nenda kafanye kazi mahali ambapo huna mjomba."

Nikasema asante, mama. Nadhani ni haki. Nikaenda kumalizia ndizi.

Siku ya kupasuliwa nitakuwa kando yako, nimeshaomba ruhusa. Siku ya sikukuu siwezi kuja. Niko zamu, kupokea simu za watazamaji. Nitajua kabla yenu kama wametambua.

Mpwa wako


27 Desemba

Mpwa wangu,

Safari hii mhakiki ni mimi. Mtu asiye na sauti hubaki na maoni.

Lifti: nzuri. Baba na suti yake: ametia chumvi mpaka chakula hakiliki. Mwisho: umeshinda. "Mmekula nyote?" ilipotoka, watu walicheka, kisha kila mmoja akaanza kumtafutia jirani yake sahani. Mwandishi wa mstari ule wa zamani aje aone.

Sasa Bibi.

Mama yako alikuja na wenzake. Koo langu wanalijua, kitambaa cha shingoni kinasema chenyewe. Juu ya Bibi hatukuwaambia kitu, tulikuwa tumesema tutaanza na mama yako, faraghani, kipindi kikiisha. Wote waliamini nilirekodi kabla ya kuugua. Akakaa kwenye kiti chake kilekile, macho kwangu. Nikaweka kibao magotini kama ngao.

Watu wakacheka. Mama yako hakucheka. Kila Bibi alipofungua mdomo, yeye alikunja uso kama mtu aliyeng'ata mchanga kwenye wali. Akanitazama mimi. Nikatazama dari. Akamtazama mkaza mjomba wako, ambaye ghafla alikumbuka kwamba kuna maji jikoni. Nikajua amejua. Nikasema moyoni, sasa ataniuliza mbele ya watu wote hawa, nami sina hata sauti ya kukana.

Kisha zikaja ngazi. Bibi akashika sufuria. Neno, pumzi. Neno, pumzi. Mama yako akainua mkono, watu wanyamaze. Akafumba macho. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza zamani kutoka kitanda cha pili, mimi na filimbi yangu kifuani, naye halali mpaka ahakikishe nitafika asubuhi. Bibi akapanda, akagusa ukuta, akahema.

Mama yako akaukamata mkono wangu bila kufumbua macho.

"Huyu hapa," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Mkaza mjomba wako alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, jagi mkononi, hajui aje au arudi. Bibi alikuwa akiendelea kusema kwenye televisheni, kwa sauti yake, nyumba nzima ikisikia. Mama yako akafumbua macho, akamwona. Akamtazama kwa muda, kisha akatazama televisheni, kisha akamtazama tena. Akasogea, kiti chake kikawa na nafasi ya wawili.

"Na wewe njoo ukae," akamwambia. "Umekula?"

Mjomba wako